Fundi sanifu si mhandisi aliyeshindwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wazazi, walimu na waajiri wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu jambo ambalo hunifikia kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Wazazi wa hapa Mbeya, na wengine wanaotoka Iringa na Njombe, huja kuniuliza kama ni kweli kwamba mtoto aliyechaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea stashahada ya uhandisi ameanguka, na kama ipo namna ya kumbadilishia nafasi ili aende kidato cha tano na hatimaye awe mhandisi wa kweli. Mara nyingi kijana mwenyewe huwa ameketi pembeni akisikiliza, ameinamisha kichwa, na swali la mzazi wake limekwisha kumwambia kwamba mlango aliofunguliwa ni wa watu wa daraja la pili. Nadhani swali hilo linaharibu vijana wengi kuliko hesabu zenyewe zinavyowaharibu, na ndiyo sababu naandika.

Nimefanya kazi ya uhandisi wa maji katika mikoa hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kabla ya kuitwa mhandisi nilisoma shule ya sekondari ya ufundi, nikaenda chuo cha ufundi, nikaajiriwa kama fundi sanifu, yaani fundi mwenye stashahada ya uhandisi, na baadaye ndipo nikaingia chuo kikuu. Sisemi haya kujitukuza. Nayasema ili msomaji ajue kwamba ninapoitetea njia hii ninatetea kitu nilichokipitia, na kwamba ninapotaja matatizo yake, nayo pia nayafahamu kutoka ndani.

Kwanza tuziweke wazi njia zenyewe, kwa kuwa wazazi wengi wanaifahamu moja tu. Njia inayojulikana ni ya kidato cha tano na cha sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, ambayo kila mtu anaiita PCM, kisha shahada ya kwanza ya uhandisi inayochukua miaka minne. Njia nyingine huanzia palepale kidato cha nne kinapoishia. Mwanafunzi mwenye ufaulu katika masomo yanayohitajika, hasa Hisabati na Fizikia, huingia chuo cha ufundi na kusoma miaka mitatu mpaka kupata stashahada, akianzia ngazi ya nne ya tuzo za ufundi na kuishia ngazi ya sita. Baada ya hapo anaweza kuajiriwa kama fundi sanifu, au akaomba kuingia chuo kikuu moja kwa moja iwapo wastani wake wa alama unafikia kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida huanzia 3.0. Ukijumlisha, wa njia ya kwanza anamaliza shahada miaka sita baada ya kidato cha nne, na wa njia ya pili anamaliza baada ya miaka saba. Tofauti ni mwaka mmoja, na huyo wa pili anafika mwisho akiwa na vyeti viwili, akiwa amekwisha kushika vifaa, na akiwa na kazi ya kumshika mkono hata kama ada ya chuo kikuu itakosekana kwa muda.

Hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa familia zetu. Mkulima wa viazi wa Uporoto au wa chai wa Mufindi anapompeleka mtoto kidato cha tano, anaweka matumaini yote katika mtihani mmoja wa mwisho wa miaka miwili. Kijana akipata alama zisizotosha katika Fizikia, anarudi nyumbani bila ujuzi wowote anaoweza kuuza. Kijana wa stashahada ya umeme aliyekwama mahali hapohapo anaweza kusuka nyaya za nyumba, kukarabati mota ya mashine ya kusaga na kusoma mchoro wa saketi. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakijilipia wenyewe shahada baada ya kufanya kazi miaka kadhaa, na walipofika darasani hawakuhitaji kushawishiwa kwamba somo la mashine za umeme lina maana. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ya serikali ya elimu ya juu imeanza kuwafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, jambo ambalo wazazi wengi bado hawajalisikia, kwa hiyo waulize chuoni kabla ya kukata tamaa.

Pili, kuna dhana kwamba shahada ndiyo inayomfanya mtu kuwa mhandisi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Namba 15 ya mwaka 1997, mhitimu wa shahada husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hapo bado hajaruhusiwa kusimama peke yake na kuwajibika kwa kazi. Hutakiwa afanye kazi chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu kwa muda usiopungua miaka mitatu, akijaza daftari la kazi na kuandika taarifa, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi impime na kumkubali kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi hiyohiyo husajili mafundi sanifu, maana sheria yenyewe inatambua kwamba kazi ya uhandisi hufanywa na watu wa ngazi mbalimbali. Basi kila anayetaka taaluma hii, awe ametokea kidato cha sita au chuo cha ufundi, atapita katika miaka ya kujifunza kwa mikono mbele ya mkubwa wake wa kazi, na yule wa stashahada ameianza miaka hiyo mapema.

Ili msomaji aone ninachokisema, nieleze kazi ninayoifahamu zaidi, yaani mradi wa maji ya mserereko. Milima ya Rungwe, Makete, Ludewa na Mufindi imetujalia vyanzo vilivyo juu ya vijiji, hivyo maji yanaweza kushuka yenyewe bila pampu, bila dizeli na bila bili ya umeme. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo ni kazi nyepesi ya kuchimba mtaro na kulaza bomba. Tuchukue chanzo kilicho mita 180 juu ya kilula cha mwisho kijijini, yaani bomba la mwisho la kuchotea maji. Kila mita kumi za mteremko huongeza mgandamizo wa karibu bar moja. Usiku, watu wakiwa wamefunga vilula vyote na maji yamesimama ndani ya bomba, sehemu ya chini kabisa hubeba karibu bar 18. Bomba la plastiki la daraja la PN 10 limetengenezwa kustahimili bar 10, na la PN 16, ambalo ni nene na ghali zaidi, hustahimili bar 16. Ukilaza bomba hilo moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, litapasuka, na huenda lisipasuke siku ya uzinduzi wageni wakiwepo, bali usiku fulani miezi kadhaa baadaye. Dawa yake ni kujenga chemba ya kupunguza mgandamizo karibu na katikati ya mteremko, ambamo maji hutoka na kukutana na hewa, mgandamizo ukarudi sifuri, kisha yakaanza kushuka upya. Chemba ikiwa kwenye mita 90, kila kipande kinabeba bar 9, na bomba la PN 10 linatosha.

Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili, na mhandisi ndiye anayeibeba dhamana yake. Lakini zile mita 180 zimetoka wapi? Zimetoka kwa fundi sanifu aliyepanda mlima na kipimo cha mwinuko, akasoma rula hatua kwa hatua kutoka chanzoni mpaka kijijini, kisha akarudia upimaji kwa kurudi nyuma ili athibitishe kwamba namba zinafungana. Akipuuza tuta moja katikati ya njia, huenda bomba likapita mahali palipo juu mno, na maji yasifike ng'ambo ya pili hata chanzo kiwe na wingi wa namna gani. Ni yeye anayeonyesha mahali pa juu ambapo hewa itajikusanya na kuziba njia kama isipowekwa valvu ya kuitoa, na mahali pa chini ambapo mchanga utatuama kama isipowekwa valvu ya kusafishia. Mtaro ukikamilika, ni yeye anayejaza bomba maji kabla halijafukiwa, akalipandisha mgandamizo mpaka kuzidi ule wa kawaida wa kazi, mara nyingi mara moja na nusu, kisha akaiangalia saa ya mgandamizo, yaani geji inayoonyesha mgandamizo wa maji, kwa muda uliowekwa bila kuiondokea. Mkandarasi anakuwa na haraka ya kufukia, mwenyekiti wa kijiji ana haraka ya kuona maji, na katikati yao amesimama mtu mwenye stashahada anayesema kwamba mtaro haufukiwi mpaka kipimo kitulie. Sifahamu kazi ya uhandisi inayohitaji msimamo kuliko hiyo.

Halafu kuna fundi mchundo, yaani fundi wa kazi za mikono, anayeunganisha mabomba ya poliethilini kwa joto. Akiunganisha wakati vumbi au unyevu umeingia kwenye ncha, au akiondoa shinikizo kabla kiungo hakijapoa, kiungo hicho kitavuja, na hakuna mchoro wa Dodoma wala wa Dar es Salaam utakaokiokoa. Wataalamu hutaja mara nyingi uwiano wa mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo 25. Hata tusipoushika kama msahafu, uwiano huo unaonyesha kwamba nchi inayozalisha wahandisi wengi na kuwadharau mafundi sanifu itajikuta na watu wengi wa kusaini na wachache wa kupima.

Niongeze mfano wa zege, kwa sababu huku kwetu baridi inaliingilia jambo hili kwa namna ambayo vitabu vingi vya pwani havikazii. Nguvu ya zege hupimwa kwa kutengeneza michemraba ya majaribio, kuitunza ndani ya maji na kuivunja kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Saruji hukomaa polepole hewa inapopoa, na katika maeneo ya Makete na uwanda wa Kitulo, ambako mwezi Juni na Julai usiku huwa na umande wa barafu, mbao za kushikilia zege haziwezi kuondolewa kwa ratiba ileile inayotumika Kyela au Morogoro. Wakati huohuo, mafundi eneo la kazi hupenda kuongeza maji ili zege lichanganyike kwa urahisi, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu yake. Anayejaza ile koni ya chuma, akainyanyua na kupima kwa rula zege limeporomoka kiasi gani, kisha akalikataa zege lililozidi maji, ni fundi sanifu wa maabara. Mhandisi mwenye mradi wilaya nzima hayupo pale saa ile.

Mikoa yetu imejaa kazi za watu hawa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande chake kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki yanayofuatana. Wataalamu wa China walifanya kazi pamoja na makumi ya maelfu ya vibarua wa Tanzania na Zambia, na wengi kati ya waliobaki kuihudumia reli hiyo waliujua ufundi wao palepale kwenye tuta. Vituo vya kuzalisha umeme vya Mtera, chenye megawati 80, Kihansi, megawati 180, na Kidatu, megawati 204, huendeshwa kwa zamu, na katika zamu ya usiku wa manane anayesikiliza mlio wa mtambo na kujua umebadilika ni fundi. Viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kiwanda cha saruji cha Songwe na vinu vya kukobolea kahawa vya Mbozi vyote vinahitaji watu wanaoweza kusoma mchoro, kupima, kufungua mashine na kuirudisha ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba natetea daraja la chini kwa sababu nchi inalihitaji, na kwamba mtoto wao si wa kutolewa sadaka kwa mahitaji ya nchi. Nawaelewa. Ningependa wakumbuke vyuo vyenyewe vilikotoka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, ambacho wazazi wengi wa hapa wanakitamani, kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na kikapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam nayo ilitokana na chuo cha ufundi cha tangu miaka ya 1950. Kabla vyuo hivyo havijatoa shahada vilikuwa vimekwisha kutoa mafundi sanifu kwa miaka mingi, na baadhi ya waliosomea humo stashahada ndio waliokuja kuwa wahandisi wasimamizi wa kizazi changu. Anayelidharau jina la chuo cha ufundi anadharau msingi ambao juu yake hayo mengine yamejengwa.

Hata hivyo ningekuwa nawadanganya wazazi kama nisingetaja upungufu wa njia hii. Ulio mkubwa ni hisabati. Wanafunzi wengi wa stashahada hufika chuo kikuu wakiwa hodari wa karakana lakini wakiwa hawajakaa muda wa kutosha na kalkulasi, milinganyo na vekta, mambo ambayo mwenzao wa PCM amefundishwa kwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza wa shahada huwa mgumu kwao, na baadhi huacha. Kijana anayekwenda chuo cha ufundi akiwa na nia ya kuendelea hana budi kupata vitabu vya Hisabati za kidato cha tano na cha sita na kuvisoma jioni, pole kwa pole, tangu mwaka wa kwanza wa stashahada, na vyuo vingefanya vema kuanzisha vipindi vya ziada kwa wale wanaotangaza nia hiyo. Upungufu mwingine ni kwamba nafasi za vyuo vikuu kwa wenye stashahada ni chache kuliko za wanaotoka kidato cha sita, hivyo wastani wa 3.0 unaoandikwa kwenye miongozo humwezesha mtu kuomba, haumhakikishii kupata. Na kijana aliyefaulu kwa alama za juu kabisa katika Hisabati, Fizikia na Kemia, anayependa nadharia na mwenye familia inayoweza kumsubiri, aende kidato cha tano kwa moyo mweupe. Ninachokipinga ni kumpeleka huko kijana ambaye mikono yake inaonyesha wazi inataka nini, kwa sababu tu ya aibu ya mzazi mbele ya majirani.

Kuhusu mabinti nitasema kwa ufupi, maana hoja yenyewe haihitaji maneno mengi. Bado nasikia mzazi akisema kwamba karakana si mahali pa msichana kwa sababu ya ovaroli na mafuta machafu. Saa ya mgandamizo haijui jinsia ya anayeisoma, na kati ya wapimaji makini niliowahi kufanya nao kazi mabonde ya huku, wanawake ni wengi.

Sasa niseme na waajiri, kwa kuwa wao ndio wanaoshikilia ufunguo ambao wazazi na walimu hawana. Mwanafunzi wa stashahada, kama alivyo wa shahada, hutakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo mahali pa kazi, na vijana wanayaita kwa kifupi fildi. Kila mwaka naombwa msaada na vijana wanaozunguka Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa na barua ya chuo mkononi, wakigonga lango la kiwanda, la mkandarasi, la ofisi ya halmashauri, na kurudishwa na mlinzi kabla barua haijafika kwa anayehusika. Wanaopokelewa si wote wanaofundishwa. Wapo wanaopewa kazi ya kutoa nakala za karatasi na kupeleka mafaili mpaka wiki zao zinakwisha, kisha kitabu chao cha kumbukumbu za mafunzo kinasainiwa na mtu ambaye hakuwahi kuwaona wakishika spana. Kijana huyo anahitimu akiwa na cheti kinachosema amefanya kazi ambayo hakuifanya, na mwajiri yuleyule aliyemfungia lango anakuwa wa kwanza kulalamika kwamba wahitimu wa siku hizi hawajui kitu.

Najua sababu zinazotolewa. Mitambo ni hatari, bima haimhusu mwanafunzi, mafundi wenye uzoefu hawana muda wa kufundisha, na wengine husema kwamba wamekwisha kulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, basi yaliyobaki ni ya serikali. Sababu ya usalama ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Vyuo viwape wanafunzi mafunzo ya usalama kabla ya kuwatuma, viwatume wakiwa na buti, kofia ngumu na bima ya muda, na viwaambie waajiri kwa maandishi kwamba vimefanya hivyo. Kuhusu muda, nasema kwa uzoefu kwamba fundi mzoefu anayelazimika kumweleza kijana kwa nini anakaza nati kwa mpangilio fulani huifanya kazi yake kwa uangalifu zaidi siku hiyo. Kuhusu tozo, fedha hiyo haiwezi kumpeleka mtu ndani ya chumba cha mitambo cha kiwanda chako. Mwenye uwezo huo ni wewe peke yako.

Halmashauri na mamlaka za maji zina wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa kazi zao zinalipiwa na umma. Sioni kwa nini mkataba wa kujenga kalvati, tenki au mtandao wa bomba katika wilaya zetu usiwe na kifungu kinachomtaka mkandarasi apokee idadi fulani ya wanafunzi wa stashahada kwa muda wote wa mradi, na mshauri elekezi athibitishe katika taarifa yake kwamba walikuwepo na walifanya nini. Miradi hiyo iko jirani na nyumbani kwa vijana wenyewe, kwa hiyo hakuna kodi ya chumba mjini wala nauli ya mbali. Isitoshe, kijana aliyesimama kwenye mtaro wa bomba la kijiji chake bomba linapojaribiwa ndiye atakayejua, miaka kumi baadaye, valvu ya kutoa hewa imefichwa wapi kwenye nyasi.

Kwa walimu wenzetu wa sekondari nina ombi moja. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, ulioletwa na toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo umeanza kuingia mashuleni, na tayari nasikia, hata kutoka midomoni mwa walimu, kwamba ni mkondo wa wasiojiweza. Mwanafunzi hulisikia neno hilo mara moja tu na kulibeba miaka yote. Mkimfundisha mgandamizo wa maji, mpelekeni kwenye tenki la kijiji, mpime kimo cha maji ya tenki juu ya kilula, mkadirie mgandamizo kwa hesabu, kisha mkope saa ya mgandamizo kutoka jumuiya ya watumia maji mlinganishe. Somo hilo moja litawaonyesha nani ana hamu ya kujua kwa nini namba mbili hazikulingana kabisa, na huyo ndiye wa kumwambia habari za uhandisi, awe wa kwanza darasani au wa ishirini.

Nimalizie na ombi kwako, Mhariri. Kila matokeo yanapotoka, gazeti lako, kama magazeti mengine, hutoa nafasi kubwa kwa shule zilizoongoza na picha za wanafunzi bora. Safari ijayo naomba mchapishe pia, katika toleo hilohilo, orodha ya vyuo vya ufundi vinavyotoa stashahada za uhandisi, masomo na alama vinavyohitaji, ada zake, tarehe ya mwisho ya kuomba na fani zinazopata mkopo. Wazazi wengi wa vijijini huku wana siku chache tu za kuamua kabla dirisha la kubadilisha uchaguzi halijafungwa, na gazeti linalopita mkono kwa mkono dukani huwafikia wengi kuliko tovuti ya wizara.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhandisi wa maji,
Uyole, Mbeya